Uso Kwenye Helmeti

"Utaibabua hiyo rangi, Paulette! Umeishikilia hapo hapo tangu nilipotoka kwenda kuchukua kahawa."

Paulette Havrilla aliisogeza mashine ya kukaushia nywele kidogo. Stika ikishapata joto la kutosha gundi yake hulegea. Unapenyeza ukucha pembeni, unavuta pole pole, inatoka nzima. Ukiwa na haraka inachanika. Wiki ile yote Paulette alikuwa anavuta pole pole kupita kiasi, maana kila stika aliyoibandua ilikuwa na uso wa baba yake.

Dwayne Moyer, bosi wake katika chumba cha vifaa cha timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Denholm, aliweka kikombe juu ya mashine ya kufulia. Alikuwa mtu mnene, mwema, mwenye mdomo usiojua likizo.

"Niachie mimi," alisema. "Nenda kakunje mataulo."

"Nimeshakwambia naweza."

"Umeniambia. Ila mikono yako inaniambia kingine."

Paulette akaificha mikono hiyo nyuma ya helmeti, akavuta. Fyaa! Mchimba makaa akatoka: kofia yenye taa, taya pana, macho ya mtu asiyependa upuuzi, na kovu lililoikata nyusi moja katikati. Akamlaza kwenye karatasi juu ya wenzake, akachukua helmeti nyingine.

Hakuna mtu katika mji ule asiyeujua uso huo. Mwanafunzi mmoja wa sanaa aliuchora zamani, mtaani, timu ilipokuwa inatafuta nembo ya kuendana na jina lake, Wachimbaji. Ukawekwa kwenye helmeti, kwenye jezi, kwenye vikombe vya bia. Kisha mgodi ukashika moto, wenye mgodi wakauziba mlango kwa saruji ili moto ufe, na Andy Havrilla akabaki huko chini. Tangu hapo watu husema yule kwenye helmeti ni Andy. Na kabla ya kila mechi, vijana wakiwa wamepanga foleni kwenye njia ya kuingilia uwanjani, kila mmoja hugonga ngumi kwenye stika ya mwenzake aliye mbele yake na kusema, "Tupande, Andy!" Ndipo wanatoka mbio kwenye mwanga. Waliisema hata mwaka ule waliposhindwa mechi zote.

Sasa kulikuwa na rais mpya wa chuo, na rais mpya alileta watu kutoka Philadelphia wenye viatu safi. Wakasema uso wa mtu hausomeki kwenye skrini ya simu. Wakachora taa tupu yenye miale mitatu, wakaipa rangi ya machungwa, wakaondoka. Mjini watu waliitazama mara moja tu wakaibatiza jina: Yai la Kukaanga. Wazee walipiga simu redioni wakalaani weee, lakini jezi zilikuwa zimeshashonwa.

"Wangebakiza hata upande mmoja," Dwayne alisema. "Kushoto Andy, kulia yai. Kila mtu angepata kifungua kinywa chake."

Siku nyingine Paulette angecheka.

Kuna jambo lililomkera kuliko hilo yai, na hakuwahi kumwambia mtu. Helmeti ina pande mbili. Uso lazima utazame mbele pande zote mbili, kwa sababu mtu anayetazama nyuma huonekana anakimbia. Kwa hiyo stika za upande mmoja huchapwa kwa kugeuzwa, kama kwenye kioo. Kwenye shavu la kulia la helmeti, Andy alikuwa na kovu kwenye nyusi ya kulia. Kwenye shavu la kushoto, alikuwa nalo kwenye nyusi ya kushoto. Miaka yote Paulette alikuwa anambandika baba yake kulia na kushoto, na hakujua yupi ndiye yeye.

Alikuwa na umri wa miaka minne mgodi ulipofungwa. Picha ya pekee nyumbani ilikuwa ya harusi, na humo baba yake aligeuza kichwa wakati mpiga picha anafyatua, kwa hiyo juu ya ile suti kuna wingu tu. Mama yake hakumzungumzia kabisa. Kwa hiyo uso aliokua nao ni ule wa helmeti. Akiwa msichana, alichukua kazi ya kufua jezi pale chuoni kwa sababu ya uso huo, na mama yake alipomuuliza kwa nini, alisema ni kwa sababu ya bima ya afya.

Sasa Jumamosi ilikuwa inakuja na mechi ya kwanza ya msimu, na mama yake, ambaye hatoki nyumbani tangu nyonga ilipovunjika, angekaa mbele ya televisheni kama kawaida. Angetazama timu inatoka. Na Andy asingekuwepo. Tangu Juni Paulette alikuwa analificha gazeti na kubadilisha stesheni ya redio kama mwizi. Ilibidi amwambie. Na ilibidi, kabla uso haujapotea kabisa, aulize habari ya kovu. Akimkosa sasa, basi, amemkosa.

Alhamisi jioni alimpikia mama yake tambi na kabeji iliyokaangwa kwa siagi. Alifuta meza. Akaifuta tena. Akaenda kuangalia mlango wa nyuma ambao alikuwa ameshaufunga.

"Una nini wewe?" Bi Irene aliuliza kutoka kwenye kiti chake. Alikuwa mwembamba kama ufito, ila sauti yake bado ilikuwa ya kuitia watu ng'ambo ya barabara. "Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Sina kitu, Mama."

"Basi kaa utage."

Akakaa. Akafungua mdomo. Akauliza kama kabeji ina chumvi ya kutosha.

Ijumaa alibandika mayai. Alinyunyiza maji ya sabuni kwenye helmeti tupu, akateleza stika mpaka ikakaa sawa, akasukuma mapovu nje kwa ukingo wa kadi ya maktaba. Alifanya kazi safi. Hasira haikumfundisha kazi mbaya. Dwayne alimuuliza azifanyeje stika za zamani, Paulette akamwambia asiziguse, kisha akamwambia azitupe, kisha akamfuata nje hadi kwenye pipa na kumnyang'anya.

"Dada," Dwayne alisema, na mara hii hakuwa anatania, "nenda ukamwambie mama yako."

Jumamosi alifika kwa mama yake saa moja kabla ya mechi. Siku ya mechi kazi yake huanza mchezo ukiisha, jezi zinaporudi na tope. Nje magari yalikuwa yanapanda kuelekea uwanjani yakipiga honi. Wengine walikuwa wamebandika Andy kwenye vioo kwa ukaidi, na mlevi mmoja wa mapema alikuwa anaimba jina lake peke yake kwenye kona. Bi Irene alikuwa ameshavaa sweta lake la timu, rozari mapajani.

Paulette alisimama kati yake na televisheni. Liwalo na liwe.

"Mama, wamebadilisha nembo. Baba hayupo tena kwenye helmeti. Nimembandua mimi mwenyewe."

"Najua."

"Unajua?"

"Marge wa hapo jirani aliniambia Juni. Unaficha gazeti, je, Marge utamficha wapi?" Bi Irene aliinamisha kichwa kutafuta skrini. "Sogea, wanaonyesha bendi."

Paulette hakusogea. "Na hukusema neno?"

"Wewe ulisema?"

Bendi ilikuwa inapiga. Paulette alihisi machozi ya hasira yanakuja, na akaogopa kwamba yakitoka swali halitatoka tena. Akalisukuma.

"Kovu lilikuwa nyusi gani? Kulia au kushoto? Niambie hilo tu, Mama. Sitakuuliza kingine."

"Kovu gani?"

"La Baba!"

Bi Irene alichukua rimoti, akazima sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya siku ya mechi.

"Baba yako hakuwa na kovu," alisema. "Yule ni Joe Benko."

"Nani?"

"Joe Benko. Alikuwa anaendesha kreni pale juu, hata chini hakuwa anashuka. Yule mwanafunzi alimchora kwa sababu alikuwa anakaa bila kutikisika, mvivu yule. Kovu alilipata kwa kuanguka kwenye ngazi za baa. Halafu akahamia Cleveland, akauza mazulia mpaka alipokufa."

Paulette alitafuta kiti kwa mkono, akakikosa, akakaa juu ya meza ndogo. Mazulia! Alitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine.

"Mji mzima, Mama. Mji mzima unasema ni yeye. Nani aliwadanganya?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulikuwa unalia kila usiku. Miezi. Hukuwa unakula. Basi timu ikapita barabarani na gwaride, nimekubeba begani, ukaiona helmeti, ukanyoosha kidole: 'Baba! Baba yule!' Watu wote wakageuka. Wanawake wakaanza kulia. Na wewe ukanyamaza. Usiku ule ukalala mpaka asubuhi." Bi Irene alikuwa anazungusha rozari kwenye kidole, haraka haraka. "Ningefanya nini? Nikunyang'anye? Asubuhi mji ulikuwa umeshaamua. Hata Joe mwenyewe alikuja akaniambia, 'Irene, liache tu.' Nikaliacha."

"Nimekuwa mtu mzima zamani."

"Najua. Kila nikitaka kusema, naona unavyoitazama ile helmeti." Sauti yake ilipungua. "Na mimi nilikuwa na wivu, nakwambia ukweli. Wewe ulikuwa na uso wa kutazama. Mimi kila Jumamosi nakaa hapa naangalia Joe Benko."

Paulette alilia sasa, waziwazi, mdomo wazi kama mtoto, akiwa amekaa juu ya magazeti ya wiki. Hasira ilikuwepo na haikuondoka, lakini nyuma yake kulikuwa na uwazi mkubwa, ukuta uliobanduliwa kila kitu. Hakuwa na baba kulia, wala kushoto.

"Basi alikuwaje?" aliuliza alipoweza. "Hata kidogo tu."

Mama yake alishika mikono ya kiti akajiinua, akakataa kusaidiwa, akavuka zulia kwa hatua fupi fupi hadi mbele yake. Akamshika kidevu. Vidole vyake vilikuwa baridi na vikavu. Akamgeuza uso kuelekea dirishani, kidogo, tena kidogo, kama mtu anayetafuta picha kwenye antena mbovu.

"Ondoa nywele."

"Mama..."

"Ziondoe, nimesema."

Paulette akazikusanya nywele zake zenye mvi kwa mikono miwili, akazivuta nyuma, akazishikilia pale juu. Kwenye skrini isiyo na sauti vijana walikuwa wanatoka mbio uwanjani, helmeti zao mpya zinang'aa machungwa. Hakuna aliyewatazama.

"Usitabasamu," Bi Irene alisema kwa kunong'ona. "Yeye hakuwa anatabasamu akiwa amechoka."

Paulette hakutabasamu. Mikono ilianza kumuuma, lakini hakuishusha. Akakaa bila kutikisika kwenye mwanga wa dirisha, na mama yake akasimama pale anatazama, anatazama, midomo inacheza kama ya mtu anayesalimia.