Kitanzi cha Kushoto

Mikono yangu haina adabu. Miaka thelathini nasuka mikeka hapa Lipangalala, na nikiona ukili umekosewa, hata kwenye mkeka wa watu msibani, vidole vinaniwasha. Silvano mume wangu hunitania kwamba siku moja nitamfumua na yeye nimsuke upya.

Asubuhi ile Lin, mpangaji wangu Mchina, alikwenda kuwaaga wenzake wa mradi wa mpunga. Nikaingia kumfagilia chumba, nikaliona lile fundo lake jekundu lililoning'inia dirishani miaka yote mitatu aliyokaa kwangu. Kwao wanafunga mafundo hayo tangu enzi za wafalme, uzi mmoja tu, unazunguka mpaka unarudi ulikoanzia. Lin alifundishwa na mama yake, naye akanifundisha mimi barazani. Hili alilifunga mama mwenyewe, lakini kitanzi cha kushoto kilikuwa kikubwa kuliko vingine, na uzi ulipita juu mahali pa kupita chini. Nikasema, jamani, mtoto wa watu asafiri na kitu kimepinda hivi? Nikalifumua lote, nikalifunga upya. Likatoka safi, nikajisifu peke yangu.

Lin aliporudi, Fridolin, dereva wake, alishapakia mabegi.

"Dada, tuwahi," akasema. "Mto Lumemo unajaa. Tukikaa nusu saa hatuvuki, na ndege ya kesho ndiyo basi tena."

Lin akalichukua fundo. Kidole gumba kikaenda upande wa kushoto, kikatafuta, kikarudi, kikatafuta tena.

"Mama Beatus, nani amegusa hili?"

"Mimi, mwanangu. Lilikosewa, nikakurekebishia."

Akakaa chini palepale kwenye saruji.

"Mama alilifunga hospitali," akasema. "Mikono ilikuwa inatetemeka. Hakumaliza hata wiki, akafariki. Mimi kila asubuhi nashika pale alipokosea."

Mungu wangu! Nilijichukia, nikamnyooshea mkono.

"Lete hapa."

"Mama, huwezi kukumbuka."

"Nimesema lete!" Nikamfokea, maskini, wakati hasira yote ilikuwa yangu mimi mwenyewe.

Nikafumua. Mara ya kwanza kitanzi kikatoka kidogo. Mara ya pili kikatoka kikubwa, lakini Lin alikigusa akatikisa kichwa. Fridolin akapiga honi. Mvua ikaanza kugonga bati. Nilijaribu kukosea kama alivyokosea yule mama, na kila nikifika pale vidole vinanyoosha.

"Basi, Mama," Lin akasema. "Tuache."

"Kaa!"

Nikautandaza uzi mapajani, mlangoni penye mwanga. Ndipo nikaona mabaka. Jua la dirishani lilikuwa limefifisha sehemu zilizokaa nje, na zile zilizojificha ndani zilibaki nyekundu ya kukolea. Kumbe njia yote ya yule mama ilikuwa humo! Nikaanza kufuata rangi: iliyofifia juu, iliyokolea chini. Nilipofika kushoto, vidole vikakataa kabisa, vikasema siyo hivyo. Nikavilazimisha. Palikuwa na kipande kirefu kilichopauka, kirefu kuliko vyote, nikakiacha chote kiwe kitanzi. Kisha nikakaza polepole, naogopa hata kupumua.

"Chukua," nikasema, sikuthubutu kumtazama.

Kidole gumba kikaenda kushoto. Kikasimama.

Lin akamwita mama yake kwa Kichina, na kwao wanaita kama sisi tu: mama. Akanikumbatia, akakimbilia garini kwenye mvua ile.

Fridolin alipopiga simu kwamba wamevuka, maji nusu ya tairi, bado nilikuwa palepale mlangoni nalia, mikono nimeificha kwapani.