Kifaa Kilichomkubalia Najua

Dereva wa kubeba samani waliyemwita Najua alikuwa haelekezeki. Ukifungua mdomo tu, anakukatiza, "Najua." Mwezi huo alishachelewesha mizigo mara tatu, na tajiri mwenye gari akamwonya, "Ukichelewa tena, funguo mezani."

Basi akaenda dukani na mkewe kununua kifaa cha kuonyesha njia, kile kidogo cha kubandika kwenye kioo. Muuzaji akaweka viwili juu ya kaunta: kipya, bei imepanda kidogo, na kikuukuu kilichochubuka pembeni, rahisi, ramani yake ya miaka tisa iliyopita.

Najua akaviuliza nyumba ya mteja wa kesho. Kipya kikamwelekeza barabara mpya. Kikuukuu kikataja kona zilezile alizozizoea tangu ujana.

"Hiki ndicho chenye akili!"

"Baba Watoto, hicho kinakukubalia tu," mkewe akamwambia taratibu.

"Najua, mama," akajibu, akalipia kile kikuukuu.

Kesho yake mkewe akaomba lifti, akapanda. Kabati la mteja lilikuwa nyuma, limefungwa kamba vizuri. Wakafika ukingoni mwa mto, na daraja limeshabomolewa, zimebaki nguzo mbili na bata.

"Nyoosha mbele," kifaa kikasema.

Simu ikalia. "Uko wapi?" tajiri akauliza.

"Mtoni, kwenye daraja la zamani," Najua akaguna.

"Mwambie leo hujapotea peke yako," mkewe akanong'ona.

"Lete funguo," tajiri akasema.

Najua akageuza gari. Njia ya kwenda kwa tajiri aliijua kweli.