Habari za Jana

Mzazi, ukiona mwalimu anasifiwa hadi kanisani, muulize mtoto wako kwanza kama mwalimu huyo ana masikio. Syokau hakuuliza. Alitoka Nuu, kule Kitui, akahamia Mukuyuni na binti yake Kalekye kwa sababu moja tu, Kiingereza. Kule Nuu mtoto alijua hesabu na Biblia vizuri, lakini ukimwambia aseme kitu cha jana kwa Kiingereza, anakisema kama kinatendeka hapo mbele yako. Syokau akaambiwa kuna shule moja huku, jina tuliache, iko na mwalimu anaitwa Mwangangi. Wazazi walikuwa wamembandika jina Mwalimu Tensi, kwa zile tenses za Kiingereza, za jana na za kesho.

Kufundisha alijua, hiyo haki yake tusimnyime. Asubuhi kabla ya kitu kingine ni habari za jana. Mtoto anasimama, anasema alichofanya ama alichoona jana, kwa Kiingereza. Akikosea anarekebishwa palepale, halafu darasa zima linarudia ile sentensi ikiwa imenyooka, kwa sauti, mpaka mtu wa barabarani anasikia. Syokau akipita na beseni la nyanya kwenda sokoni alikuwa anapunguza mwendo karibu na ua wa shule ili asikie. Roho yake inatulia, anaenda.

Jioni alimshika mtoto mwenyewe, wakichagua mawe kwenye ndengu, yaani choroko. Syokau aliishia darasa la saba, lakini cha kuuliza hakukosa.

"Kila siku?"

"I sell tomatoes."

"Jana?"

"I sold tomatoes."

"Na sasa hivi?"

"Sasa hivi huuzi, mwaitu. You are sorting ndengu." Mwaitu, kwa Kikamba, ndiyo mama.

"Na ile ya have, hiyo inatumika wakati gani?"

Kalekye akafikiria. "Kitu umekimaliza, lakini bado kinahusu saa hii. Kama, I have washed the plates. Kwa hivyo usiniambie tena nioshe."

Syokau alicheka mpaka ndengu zikamwagika kwenye mkeka. Akajua pesa za kuhama hazikupotea.

Sasa sikia. Shule zetu za huku kwenye ukame, kila mtoto hubeba maji kutoka nyumbani. Mtungi mdogo wa lita tano, asubuhi anaumwaga kwenye pipa la jikoni, mpishi anapikia githeri, mahindi na maharagwe. Ukija bila maji unarudishwa kwenu. Mutindi, msichana wa darasa moja na Kalekye, mtungi wake ulipasuka. Ilikuwa wakati wa kunyunyizia maembe dawa ya wadudu, na nyuma ya nyumba yao kulikuwa na mtungi wa dawa uliobaki mtupu. Akaubeba hadi kioski cha maji, akausuuza, akaujaza.

Kalekye alikuwa kwenye foleni nyuma yake.

"Mutindi, huo si wa dawa ya maembe?"

"Nimeosha na sabuni. Ama unataka nirudishwe nyumbani, wewe?"

"Bado unanuka."

"Basi usinuse. Maji ni ya shule, si yako."

Asubuhi yake ilikuwa siku ya Kiingereza. Siku hiyo ukitoa neno la Kikamba unavalishwa diski, kile kipande cha mbao cha kuning'inia shingoni, na jioni unakipeleka ofisini pamoja na matako yako. Kalekye aliona Mutindi akimwaga maji kwenye pipa. Mpishi alikuwa mbali, anapasua kuni. Kengele ikalia, wakaingia. Mwalimu alipouliza nani ana habari, mkono wa Kalekye ulikuwa wa kwanza, na yeye si mtoto wa kuinua mkono.

"Yesterday Mutindi is fetch water with jerrican of mango medicine."

Maana yake hata mimi na wewe tunaielewa. Jana Mutindi alichota maji na mtungi wa dawa ya maembe.

"Is fetch?" Mwalimu akaweka chaki chini. "Yesterday, is fetch? Nyinyi wa Nuu, jana kwenu huwa haiishi?"

Darasa likacheka. Kalekye akaanza tena, akakwama, akaanza tena. Mwalimu akamjengea neno kwa neno mpaka ikasimama: Yesterday Mutindi fetched water in a mango medicine jerrican.

"Class?"

Darasa zima likarudia. Mutindi mwenyewe akarudia. Mwalimu akasema tena, wakarudia tena.

"Clap for her."

Wakapiga makofi. Kalekye alibaki amesimama. "Teacher, the water..."

"Sit down. You have done well. Next."

Saa ya chakula Kalekye alimwaga githeri yake chini, na ya jirani yake pia. Mwalimu wa zamu akampigisha magoti mbele ya jikoni kwa kuchezea chakula. Akiwa hapo kwenye magoti akawaona wale wadogo wa gredi ya kwanza, ambao hupakuliwa kabla ya wengine, wakianza kutokwa na mate. Halafu kutapika. Halafu mmoja akaanguka akitetemeka. Walibebwa kwa pikipiki, kwa pickup ya mtu wa maembe, kwa mikono. Mungu alishika, hakuna aliyekufa, lakini mdogo mmoja alilala hospitali akipumua kwa mashine mpaka mama yake akasahau kula.

Pipa lilinuswa, dawa ikajulikana. Mutindi akaulizwa, akalia, akasema alidhani sabuni imetosha. Hapo mtu mzima angejiuliza ni nani alitunga sheria ya kurudisha mtoto nyumbani kwa kukosa maji. Wazazi na walimu hawakujiuliza hivyo. Waliuliza kwa nini yule wa Nuu hakukula.

"Alijua," walisema. "Alijua akanyamaza."

"Watu wa Kitui hao, si unawajua."

Kalekye akarudishwa nyumbani mpaka mkutano wa wazazi uamue kama ataendelea na shule. Jumapili kanisani benchi la Syokau lilibaki na nafasi kubwa, na watu wengine walikuwa wamesimama.

Jioni ile Syokau alimkalisha mtoto. "Niambie ukweli. Uliona ukanyamaza?"

"Nilisema, mwaitu."

"Ulimwambia nani?"

"Mwalimu. Kwa habari za jana. Alirekebisha, nikapigiwa makofi."

Syokau akamwambia aiseme ile sentensi yenyewe, naye akaisema yote. Usiku Syokau hakulala vizuri, na haikuwa kwa huzuni. Ilikuwa hasira, ile ya kukaa kifuani kama uji wa moto uliomezwa haraka.

Mkutano ulifanyiwa darasani. Mwalimu mkuu, Madam Mwongeli, aliomba wazazi wawe watulivu. Mwalimu Tensi akasimama, shati limepigwa pasi, akasema msichana huyu hakuripoti lolote. "Na kama alijaribu," akaongeza, "lugha yake bado ni shida. Hakuna mtu angemwelewa."

Watoto walikuwa nje, wamejazana dirishani. Syokau aliinuka.

"Madam, naomba hawa watoto wa darasa la Mwalimu waingie."

"Mama Kalekye, hili ni jambo la watu wazima."

"Waliokula dawa ni watoto. Waingie."

Wakaingia, wakajipanga ukutani. Syokau hakuwauliza swali. Aliwageukia, akavuta pumzi, akasema kwa Kiingereza chake cha darasa la saba, kwa ile sauti aliyozoea kuisikia kutoka barabarani.

"Yesterday Mutindi..."

Darasa lote likamalizia kwa pamoja, bila kukwama, jinsi lilivyofundishwa. "Fetched water in a mango medicine jerrican."

Na kwa mazoea wakairudia mara ya pili. Na kwa mazoea wakapiga makofi.

Makofi yalipoisha, mama wa yule mdogo wa mashine alikuwa ameshaelewa, amejifunika uso na leso. Madam Mwongeli alikuwa anamwangalia Mwalimu Mwangangi. Mwalimu alikuwa anaangalia chaki.

"Imenyooka, Mwalimu," Syokau akasema. "Hakuna kosa hata moja. Wewe ulisikia fetched. Maji hukuyasikia."

Mama mmoja wa kanisani akasogea kwenye benchi, akampungia mkono aketi karibu naye. Syokau hakuketi. Alimshika Kalekye mkono, akamuuliza Madam kama mtoto anarudi Jumatatu. Madam akasema anarudi, na maji hayatabebwa tena mpaka watu wakae chini.

Mzazi, somesha mtoto Kiingereza, hakuna aliyekukataza. Ajue ya jana na ya kesho. Lakini siku hizi kwa Syokau, Kalekye akisema "mwaitu, yesterday", mama anaweka ungo wa ndengu chini kwanza, anafuta mikono, anauliza, "Kulikuwa na nini?" Kama kuna kosa, watarekebisha baadaye.