Vijidudu vya Kitanda cha Dirishani

Bandeji ilikuwa imegandamana na kidonda. Mama akaimwagia maji ya chumvi ya uvuguvugu aliyokuja nayo kwenye chupa ya chai, akasubiri, akavuta kidogo, akasubiri tena. Dirisha la kitanda chao wodini halikuwa na kioo, na nzi waliingia na kutoka kama wenye nyumba.

"Mama, vuta mara moja yaishe."

"Nikivuta mara moja nitaondoka na mguu wenyewe."

"Uchukue. Hauna faida tena."

"Funga mdomo. Huo ndio unaotulisha."

Binti alikuwa fundi cherehani, na mguu huo wa kulia ndio aliokanyagia pedeli. Pikipiki iliuvunja, madaktari wakautia chuma, chuma kikaalika usaha. Dawa za hospitali alishazimaliza, za kumeza na za sindano. Za mwisho, muuguzi alisema, zilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Leo daktari wa zamu alinusa kabla ya kutazama, akasema mguu utakatwa Ijumaa, juu ya goti. Usaha ukipanda kabla ya hapo, hakutakuwa na haja ya msumeno.

Mama akafunga bandeji nyingine, aliyoichemsha mwenyewe. Kuchemsha ndiyo kazi yake. Kazini humwita Bi Mvuke.

Kazini kwenyewe ni kwenye kampuni inayotafuta dawa mpya za kuua vijidudu vilivyokwisha kuzoea dawa za zamani. Kampuni ile ni mtoto wa chuo kikuu. Ilizaliwa kwenye maabara ya umma, ikanyonya umeme wa umma, ikabebwa mgongoni na wanafunzi wa umma. Ilipoota meno tu, ikajipatia baba zake wa mbali na kuwa na geti lake. Humo vijidudu hupandwa kwenye visahani, hulishwa damu ya kondoo, hulazwa kwenye kabati la joto. Umeme ukikatika, jenereta huwaka kabla mtu hajamaliza kusema "hee." Vikishatumika, Bi Mvuke huvitia kwenye mtambo wa mvuke, vikafa, ndipo akaosha visahani.

Kisahani kimoja kilikuwa na vijidudu vya mguu wa binti yake. Miwani, mtaalamu wa kuvipanda, ndiye aliyefika wodini kuchukua usaha, maana kampuni hutafuta vijidudu sugu kama wengine wanavyotafuta dhahabu.

"Njoo uone ukoo wako," alimwita siku hiyo alipoingia kazini. "Huyu dawa zote anazitafuna kama njugu. Lakini tazama hapa, nilipodondosha ya kwetu."

Kisahani kizima kilikuwa na ukungu wa manjano. Katikati palikuwa na duara safi, kama mtu kapangusa kwa kidole.

"Hapo wamekufa?"

"Hata wa kuzika hakubaki."

Bi Mvuke hakuuliza jingine. Alivua aproni akapanda ngazi hadi kwa Profesa, mkuu wa kampuni.

Profesa alimkaribisha kiti, jambo ambalo halijapata kutokea. Akamsikiliza hadi mwisho, kalamu ikizunguka vidoleni.

"Pole sana, mama yangu. Lakini dawa ile haijaingia kwa binadamu."

"Panya je, walipewa?"

"Panya walipewa."

"Wakapona?"

"Walipona."

"Basi mtieni binti yangu kwenye kundi la panya. Hatajisikia vibaya, nitamweleza."

Profesa alicheka kidogo, kisha akaona anacheka peke yake. "Kuna taratibu, mama."

"Na Mwenyekiti wa bodi?"

"Mwenyekiti kafanya nini?"

"Alikuja hapa na kidonda cha sukari, anachechemea, harufu inamtangulia. Mkajifungia naye humu kila asubuhi. Bandeji zake nilizichemsha mimi, ya kwanza hadi ya mwisho. Juzi nimemwona anashuka ngazi kama mwali. Nauliza tu, Profesa. Yeye si binadamu?"

Kalamu ikasimama. Profesa akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. Sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayemfundisha mtoto kujumlisha.

"Wanunuzi wa dawa yetu wako njiani. Mwenyekiti alikuwa na kidole kimoja kibovu. Binti yako hali yake ni mbaya. Akifa na dawa yetu mwilini, watasema dawa imeua, na hakuna atakayeigusa tena. Fikiria watu wangapi wataikosa."

"Na akifa bila dawa?"

"Hapo atakuwa amekufa kwa ugonjwa."

Bi Mvuke alimtazama mpaka Profesa akaanza kupanga makaratasi yaliyokuwa yamepangwa.

"Alichemsha nani hizo bandeji, umesema?" Profesa akauliza.

"Mimi. Na mdomo ninao."

"Nipe mpaka Jumamosi," akasema. "Nitazungumza na wenzangu. Nitaangalia."

Bi Mvuke aliposhuka zile ngazi alikuwa anaimba puani. Mtu mzima, mjane, aliyeahidiwa na wenye mamlaka tangu hajaota meno ya utu uzima, naye akaliamini lile "nitaangalia" kama mkataba. Akaenda moja kwa moja kwa daktari wa zamu kumwomba asogeze upasuaji hadi wiki ijayo.

"Una uhakika, mama?"

"Dawa inakuja. Nimezungumza na Profesa mwenyewe."

Daktari akainua mabega. Nafasi ya Ijumaa akapewa mgonjwa mwingine, aliyekuwa akiisubiri kwa hamu, kama msumeno nao unaweza kutamaniwa.

Ijumaa usiku homa ikapanda. Jumamosi paja lilikuwa limevimba na kung'aa, na binti alikuwa anamwuliza mteja asiyekuwepo kama mikono ya gauni aifupishe.

Saa nne, Miwani akaingia wodini na sanduku la barafu.

Mama alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. Dawa ile hukaa kwenye baridi. Ameiona kwa macho yake. "Mwanangu, amka. Wameleta."

"Wameleta?" Binti akafumbua macho. Kwa mkono usio na nguvu akalisukuma shuka, akauweka mguu wazi.

Miwani akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na barafu, vichupa vitupu na vijiti vyenye pamba.

"Dawa iko wapi, Miwani?"

Miwani alizungumza na barafu. "Wanunuzi wamefika. Wale vijidudu wa kwenye kisahani wamekaa sana; wageni hao wanataka kuona dawa ikiwaua walio wabichi, waliotoka kwa mgonjwa leo."

"Nimekuuliza dawa."

"Profesa anakusalimia."

Bi Mvuke akashika ukingo wa kitanda. Miwani akanong'ona, "Nikirudi mikono mitupu, ile kazi si yangu tena. Nina wanne nyumbani."

"Ingiza tu, daktari," binti akasema. "Mimi siogopi sindano."

Miwani akamtazama mama. Kijiti kikazama kidondani, kikazungushwa, kikatoka kimeloa. Binti akashusha pumzi, akatabasamu kwa midomo iliyopasuka.

"Ahsante, daktari."

"Karibu," Miwani akajibu, kwa mazoea.

Akakitia kijiti kwenye kichupa, akakikandika barafu pande zote kwa vidole, akafunika sanduku. Kisha akalibeba kwa mikono miwili, akitembea polepole katikati ya vitanda, maana vijidudu vile vilitakiwa vifike vikiwa hai.