Mbwa Aliyeitwa Nyinyi

Jumapili ile ya Januari Gunilla aliamka moyo ukimwenda mbio kama bibi harusi, ingawa ndoa yake ilikuwa na miaka thelathini na ushei. Jogoo wa jirani hajamaliza kuwika, naye keshavaa viatu vya matope, keshachemsha kahawa, keshamsugua mbwa masikio. Siku ya mashindano ilikuwa imefika.

Mbwa wao aliitwa Bulle, maana yake andazi kwa Kiswidi, na ukimwona alivyo mviringo na wa kahawia huwezi kubisha. Leo angepambana na mbwa wa kijiji kizima cha Montarnac katika kutafuta uyoga mweusi, ule wa bei ghali unaojificha udongoni kwenye mizizi ya mialoni, ambao wenyeji huutaja kwa sauti ya chini hata wakiwa peke yao jikoni.

"Bulle," Gunilla alimwambia kwa Kifaransa, "amkeni, tafadhali. Leo ndiyo leo."

Bulle akaamka, akajinyoosha, akasubiri amri nyingine.

Torsten, mume wa Gunilla, mtu mrefu aliyeendesha magari moshi ya Uswidi mpaka akastaafu, alikuwa mezani akipaka siagi mkate. "Ufaransa nzima hii," akasema, "hakuna mbwa mwingine anayeitwa nyinyi."

"Lakini anaitika."

"Anaitika kwako. Mimi nikimwita ananitazama kama mgeni aliyekosea mlango."

Na hapo ndipo penye kisa chenyewe. Wafaransa wana namna mbili za kumwita mtu. Iko wewe, ya ndugu, rafiki, mtoto na mbwa. Na iko nyinyi, anayoitwa hata mtu mmoja aliyesimama peke yake, ama kwa kumheshimu, ama kwa kumweka mbali. Waswidi mzigo huo waliutua zamani. Kwao hata waziri mkuu huitwa wewe, na hanuni. Basi wiki yao ya kwanza kijijini, Gunilla kwa bashasha zake zote alimwendea Bibi Delpech sokoni, mwenyekiti wa watafuta uyoga, ajuza anayeogopwa hata na padri, akamwambia mbele za watu, "Wewe, una kofia nzuri."

Bibi Delpech alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele, akasema, "Nyinyi, bibi, ni wageni," kisha akageukia vitunguu.

Toka siku hiyo mji mzima uliwaita nyinyi. Kwa adabu, tena adabu ya kukata na shoka: Siku njema kwenu, bwana. Mkate wenu huu, bibi. Aibu ilimchoma Gunilla, akaapa hatakosea tena. Akawa anafanya mazoezi nyumbani, na kwa kuwa Torsten alikataa kuitwa nyinyi na mke wake mwenyewe, mwanafunzi akawa mbwa. Ketini, Bulle. Mnataka maji? Acheni soksi za bwana. Mbwa akazoea heshima, na mwenye kuzoea heshima humrudishi nyuma. Ukimwambia keti tu, hakusikii.

Gunilla alikipenda kijiji hata hivyo. Alikipenda kwa ukaidi, kama anavyopendwa mkwe mkali. Torsten ndiye aliyechoka. Alikuwa mcheza karata, na kila Alhamisi alipita mbele ya mkahawa akawaona wazee wakigawa karata, wakamsalimu kwa nyinyi, wakaendelea kugawa. Alipotaja neno nyumbani alikuwa na maana moja tu, nayo ni Norrköping, mji wao huko Uswidi. Ya hapa aliiita "ile nyumba."

Mkataba wa ile nyumba ulikuwa unaisha mwezi huo, na mwenye nyumba alitaka jibu Jumapili hiyo kabla ya jua kuchwa. Wakawekeana ahadi, mume na mke.

"Mtu mmoja tu," Torsten alikuwa amesema. "Mtu mmoja wa hapa akituita wewe kabla ya Jumapili ile kwisha, tunabaki, na sitanung'unika. La sivyo tunafunga mizigo."

"Mtu mmoja tu?"

"Mmoja. Lakini awe na akili timamu."

Jumapili ilikuwa ndiyo hii, na mpaka hapo hata mlevi hakuwa amewaita wewe.

Habari ya uyoga nayo ilianza kwa ushamba. Mwezi wa Novemba Bulle aliingia jikoni na kitu cheusi mdomoni, akakiweka miguuni pa Gunilla. Gunilla akadhani ni kinyesi kikavu cha mnyama, akakitupa kwenye pipa la taka na kupiga deki sakafu nzima. Asubuhi yake Maëlle, binti anayeleta barua, aligonga mlango, akasimama na barua mkononi, akavuta pumzi ndefu.

"Bibi, mmepika nini?"

"Kabeji."

"Hiyo si kabeji." Maëlle akaifuata pua yake hadi kwenye pipa, akaingiza mkono, akatoka na kile kitu, akakishika kwa viganja viwili. "Mungu wangu. Mmeutupa. Bibi, msimwambie mtu yeyote hapa kwamba mliutupa, watawafukuza."

Ndipo Gunilla alipojua ana mbwa wa aina gani. Msimu mzima wakawa wanazurura chini ya mialoni nyuma ya nyumba, yeye na andazi lake, na furaha aliyoipata humo hakuwahi kumweleza mtu akaielewa. Mbwa akiinusa harufu, mkia wake ulisimama, na Gunilla naye akasimama bila kupumua.

Uwanja wa nyuma ya kanisa ulikuwa umefurika walipofika. Moshi wa soseji, divai ya moto, mbwa wa kila sura wakivuta kamba zao. Masharti yalikuwa mepesi: kila mbwa ana kipande chake cha ardhi kilichozungushiwa kamba, ndani yake umefukiwa uyoga sita, mbwa anakwaruza, mwenye mbwa anachimbua na kuinua mkono. Atakayemaliza haraka ndiye bingwa. Bibi Delpech alishika saa. Uyoga wa kipande cha mwisho alikuwa ameufukia mwenyewe, maana mwaka huu alimshuku kila mtu, na baridi ilivyokuwa kali alifukia kwa mkono mmoja, wa pili ameuficha mfukoni mwa koti. Kipande hicho kikaangukia zamu ya Bulle.

Mbwa waliotangulia walikuwa hodari. Mbwa wa fundi bomba alimaliza upesi mno, watu wakampigia makofi. Gunilla akainama kumfungua Bulle kamba.

"Nyinyi bibi, mko tayari?" aliuliza Bibi Delpech.

"Tuko tayari." Gunilla akamnong'oneza mbwa, lakini uwanja ulikuwa kimya na kila mtu alisikia. "Bulle, tafuteni, tafadhali."

Kicheko kikalipuka. "Mleteeni kiti kwanza," mtu mmoja akasema. "Muulizeni anakunywa nini," akadakia mwingine. Hata padri aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Bulle hakuwa na habari nao. Alikwenda moja kwa moja pembeni, akakwaruza. Gunilla akachimbua, akainua mkono. Wa kwanza. Bulle alikuwa keshafika kwa wa pili. Vicheko vikapungua. Kwa wa tatu watu walisogea kambani. Wa nne ulipoinuliwa, Maëlle alikuwa anahesabu kwa sauti, na wa tano ulihesabiwa na uwanja mzima, na fundi bomba alikuwa amevua kofia yake, anaikamua. Muda ulikuwa bado tele. Gunilla aliona kabisa, kwa macho yake, kwamba wanashinda.

Kisha Bulle akasimama. Akainua pua juu. Akazunguka kipande chote mara moja, akatazama upande mwingine, akaruka kamba.

"Rudini," Gunilla akaita. "Bulle, rudini jamani."

Bulle, aliyekuwa hajawahi kukaidi nyinyi hata siku moja, alikaidi. Alikata uwanja hadi kwa Bibi Delpech, akaanza kumkwaruza koti.

"Bibi, mwondoeni mbwa wenu," Bibi Delpech akasema. "Koti hili nililivaa harusi ya mwanangu."

Saa ilikuwa inakwenda. Gunilla alimfikia mbwa, akamshika ukosi, akavuta. Neno la kuomba radhi lilikuwa mdomoni tayari. Mwaka mzima alikuwa ameomba radhi, kwa kofia, kwa kupita njia, kwa kuwapo. Akamtazama Bulle. Mkia ulikuwa umesimama.

Akauachia ukosi.

"Hapana, bibi," akasema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza. "Mbwa wangu hadanganyi. Tazameni mfukoni."

Torsten, nje ya kamba, alifumba macho. Bibi Delpech, uso umemwiva, alitia mkono mfukoni kwa hasira ili amwaibishe mtu. Ukatoka na glavu. Akautia tena, taratibu. Ukatoka na uyoga mweusi, mnono, wa sita, ambao alisahau kuufukia.

Aliutazama. Akamtazama mbwa. Kisha akacheka, na wapo vijana pale ambao hawakuwahi kujua kwamba Bibi Delpech ana meno yote. Uwanja ukapasuka kwa kelele. Fundi bomba akasema sheria inataka uyoga upatikane ndani ya kamba. Mwingine akasema sheria inataka uwe umefukiwa. Wa tatu akasema mfuko wa Bibi Delpech una kina kuliko kaburi, kwa hiyo umefukiwa. Wakaanza kuvutana makoti.

Gunilla hakuwasikia. Furaha ilikuwa imempanda hadi kooni, na mara hiyo hiyo akakumbuka. "Samahani kwa koti, bibi," akasema. "Hata hivyo hatutawasumbua tena. Mkataba wetu umekwisha, tunarudi kwetu."

Bibi Delpech alikuwa amechuchumaa kwa shida, mkono kichwani mwa Bulle. Hakuinua uso. "Hapana," akasema. "Wewe unabaki hapa."

Gunilla aligeuka kumtafuta mumewe. Torsten alikuwa ameshavuka kamba, na alikuwa amesikia.

"Amemwambia mbwa," akasema kwa Kiswidi, polepole, kama mtu asiyependa kuleta habari mbaya. "Mkono uko kwa mbwa, macho yako kwa mbwa. Mbwa huitwa wewe na watu wote, ila mke wangu."

Ilikuwa kweli, na Gunilla alijua ni kweli. Akamgeukia ajuza. "Bibi, mmemwambia mbwa, au mmeniambia mimi?"

"Nyinyi wote."

Torsten alishusha pumzi. Nyinyi. Maana hata rafiki wakiwa wengi, huitwa nyinyi, na mji ungeweza kuwapenda wote kwa pamoja bila wao kupata ushahidi. Maëlle, ambaye Gunilla alikuwa amemwaga siri ya ahadi yao mbele yake kitambo, alikaribia kulia.

"Bibi Delpech," akasema, "naomba, waambieni mmoja mmoja."

"Kwani ni watoto wa shule?" Lakini ajuza hakuwa mjinga. Aliwatazama, mke amekunja vidole, mume ametazama chini, akaelewa kwamba kuna jambo. Akainuka, akajipangusa magoti. Akaanza na mbwa.

"Wewe, mwizi wa mifukoni. Unabaki."

Akamgeukia Gunilla, akamshika mkono uliojaa udongo. "Na wewe. Kofia ile kweli ilikuwa nzuri. Unabaki."

Gunilla alilia papo hapo, hadharani, bila kujificha.

Bibi Delpech ikambidi kurudi nyuma hatua ili auone uso wa Torsten. "Na wewe, mlingoti. Kila Alhamisi unapita pale dirishani kama polisi. Tumepungukiwa mtu mezani. Alhamisi hii uingie."

"Nami," Torsten akasema kwa Kifaransa chake cha kuungaunga, "sasa niseme wewe?"

"Thubutu," alisema Bibi Delpech. "Mimi mtaniita nyinyi mpaka mnizike."

Nyuma yao fundi bomba na wenzake bado walikuwa wanabishana kuhusu ubingwa, na nasikia mpaka leo hawajakubaliana. Torsten aliiokota kamba ya mbwa. Akainama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mwaka mzima, akasafisha koo.

"Bulle," akasema, "simameni, tafadhali. Twendeni nyumbani."

Bulle akasimama. Gunilla akatazama upande aliokuwa anaelekea mumewe. Alikuwa anapanda kilima, kwenda ile nyumba.