Kijiko Kilicholowa

Usiku wa jana, nikiwa nimelala na uongo wangu salama kabisa, niliota chupa ya chatne inanigongea mlango wa chumbani.

Chupa yenyewe naijua. Ni ya mama mkwe wangu, Bi Mwanaharusi, aliyepika chatne ya embe yenye punje za haradali kwa ajili ya harusi ya wifi yangu, akaniachia mimi niitunze wiki tatu. Hajapata kumwachia mkamwana yeyote. Alinisomesha masharti yake: usiifunike ikiwa ya moto, ipikwe hadi mwiko ukipita njia ibaki, iache ijijue, yaani ikolee yenyewe bila kuguswa, na kijiko kiwe kikavu. Mimi nikaionja kwa kijiko nilichotoka kukiosha, kinachuruzika maji.

Ukungu ukaota. Mama alipouliza, nikasema ni Mbaruku, mwanawe, mume wangu, aliyetia kijiko kilicholowa. Nilisema vizuri mno hata Mbaruku mwenyewe akaamini, akaenda kumtaka mama radhi. Siku tatu sasa mama hamsemeshi.

"Mama Salha, toka," chupa inaniambia. "Unaitwa."

"Na nani?"

"Na sufuria. Vaa viatu, chini kunanata."

Natoka chumbani na kumbe niko ndani ya sufuria, mchana kweupe. Mwiko mkubwa kama nguzo ya umeme unapita mbele yangu, na nyuma yake inabaki njia safi. Tunaifuata. Vipande vya embe vimekaa kando kando vinanitazama. Kimoja kinamnong'oneza mwenzake, "Ndiye huyo." Nikajifanya sijasikia.

Mwisho wa njia kuna meza, na nyuma ya meza amekaa Siki, mzee mkali mwenye miwani. Mbele yake kuna foleni. Wa kwanza ni chatne ya majimaji. Kila akikalishwa kitini anamwagika.

"Rudi motoni, uchemke bila kifuniko," anasema Siki. "Mwingine."

Anakuja chatne ya chumvi nyingi. Foleni nzima inaanza kuomba maji ya kunywa.

"Wewe katafute embe mbili zisizojua chumvi, ukae nazo. Mwingine."

Mwingine ni mimi. Siki ananitazama kuanzia kanga hadi viatu.

"Tatizo?"

"Ukungu," nasema.

"Ukungu hauna dawa. Unamwagwa. Nimeuliza tatizo."

Kabla sijajibu, Siki akaletewa mtungi wa kioo. Ndani yake amesimama mume wangu, chatne imemfika shingoni, inatoa mvuke. Anakula taratibu. Mbaruku hata ndotoni hapotezi nafasi.

"Baba Salha, unafanya nini humo?"

"Wananifunika," anasema. "Usijali, Mama Salha. Nadhani kweli ni mimi."

Hapo moyo wangu ukaniuma, na sisemi uongo, maana nilishausema wote.

"Bado wa moto huyo," namwambia Siki. "Mkimfunika atatoa jasho, ataota ukungu."

"Tunajua," anasema Siki, na kumbandika kifuniko utosini. Anaanza kukikaza. Mzunguko mmoja. Mbaruku anafumba macho kama mtu anayenyolewa.

Nikafungua kinywa niseme. Sauti haitoki. Ninachosikia ni matone tu, tip, tip, na nikitazama, kijiko kile kile kiko mkononi mwangu, kimelowa.

"Sharti la nne," chupa inanikumbusha, bila huruma.

Mzunguko wa pili. Nikashika pindo la kanga nikaanza kukifuta kile kijiko. Kila nikifuta kinalowa tena. Nafuta, nafuta, mpaka kanga yote imelowa na kijiko kimekauka. Kilipokauka, kikasema kwa sauti yangu mwenyewe, "Ni mimi."

Siki akavua miwani. "Ilikuwa vigumu kiasi hicho?"

Nikaamka. Kumepambazuka, jogoo wa jirani anamalizia zamu yake. Mbaruku amelala kando yangu, anatabasamu. Sikumsubiri aamke. Nikachukua simu nikampigia mama mkwe.

"Shikamoo mama. Ile chatne, aliyetia kijiko kilicholowa ni mimi. Nilimsingizia mwanao. Nisamehe."

Nikamsikia anakunywa chai yake mpaka akatosheka.

"Marahaba. Najua."

"Unajua, mama?"

"Kijiko kilichooshwa? Mbaruku? Mwanangu yule hajaosha kijiko tangu nimzae. Yeye hukilamba akakirudisha."

"Sasa mbona ulimnunia yeye?"

"Nilikuwa nakuacha ujijue. Nilidhani utamaliza wiki tatu." Akanywa tena. "Ile imwage. Njoo leo na embe kumi mbichi, tupike nyingine. Na kijiko utakikausha juani, si kwa kanga."

Kanga. Nikaitazama niliyojifunga. Pindo lilikuwa bichi, linanukia siki.

"Na wewe, Mama Salha," akasema, "kabla mwanangu hajaja kunisalimia, mfute hizo haradali utosini."

Nikageuka. Katikati ya upara wa mume wangu palikuwa na alama ya duara, ya ukubwa wa kifuniko, na ndani yake punje mbili za haradali.