Chanzo cha Habari: Tharsisi

Kwetu Kitahana neno la mpaka wa shamba halisemwi na mtu mmoja. Wazee wanakaa pamoja, huyu anaanza, yule anadakia, na ukiuliza baadaye nani kasema, unajibiwa: tumesema. Basi. Hakuna wa kufuatwa nyumbani kwake.

Sasa huyu Moses, mtoto wa kaka yangu, akaja na chuo chake. Anafanya utafiti wa migogoro ya ardhi. Wazee wanne, mume wangu Tharsisi akiwemo, wakamweleza jinsi Nestori alivyong'oa miti ya mpaka akameza shamba la mjane. Moses akaandika "wazee wa Kitahana." Mwalimu wake akamrudishia: wazee gani? Chanzo kiwe na jina, mahali, tarehe. Bila hivyo ni umbea.

Umbea! Mtu na digrii zake.

Moses angeweza kuwataja wote wanne. Alitaka kumheshimu mume wa shangazi yake, akaweka jina moja tu. Akaja kumsomea hapa uani, na mzee wangu, jamani, akacheka mpaka machozi. "Nimo kitabuni!" Nikamwambia, Tharsisi, neno mmelisema wanne, mbona umebebeshwa peke yako? Akasema nina wivu.

Kazi ikawekwa mtandaoni. Binti wa Nestori anayesoma Kasulu akaiona kwenye simu, akampigia baba yake.

Tharsisi tulimkuta kwenye mihogo, kakatwa mapanga. Polisi wakawauliza wale wazee watatu, kila mmoja akasema yeye hakuwepo, si imeandikwa Tharsisi? Nestori kahojiwa, kaachiwa. Kaja hata msibani kunipa pole, na nilimpa mkono, Mungu anisamehe.

Moses naye kaja analia, kompyuta kwapani. "Shangazi, narekebisha leo leo. Naweka majina yote manne. Polisi wajue nani kadanganya."

Haki ya Mungu, nilitaka.  Nikatazama nje mlangoni, nikawaona wale watatu, waoga wakubwa, wanachimba kaburi kwa kupokezana, hawainui macho. Wake zao wako jikoni kwangu wanasonga ugali. Na Nestori amekaa kwenye benchi, anawatazama mmoja mmoja.

"Usiongeze mtu," nikamwambia Moses. "Alisema peke yake."